Kola Shingoni, Ndizi Kichwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mkasi na godoro. Nilikuwa nimetoka chuoni, cheti kimo ndani ya bahasha, sare imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, nami nikidhani nitaonyeshwa mashine. Mganga Mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali niliyopangiwa kule Kibondo, alinipeleka kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Ndani mlikuwa na kitanda kimoja, kamba iliyopitishwa kwenye gurudumu dogo juu ya ukuta, na godoro la sponji lililochakaa upande mmoja.

"Sesilia," akasema, "hapa ndipo kola zinapotoka. Kata sponji kwa upana wa kiganja, ishonee kitambaa. Mtu akija ameumia shingo, mfunge."

"Nimfunge kwa muda gani, Daktari?"

"Mpaka aache kulalamika."

Akaondoka zake. Nikakata kola yangu ya kwanza, ikatoka pana upande mmoja na nyembamba upande wa pili, nikaijaribu shingoni mwangu mbele ya kioo cha dirisha. Nilifanana na kuku aliyenyongwa akapona.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaosomea tiba ya viungo, ile mnayopenda kuiita fiziotherapia. Kila mmoja wenu akinikuta sokoni Kasulu huniuliza, "Bibi, zamani mlikuwa mnatibuje shingo?" Nami huanza kujibu kwa kujiamini, halafu katikati ya jibu najikuta nimepotea. Msitarajie basi kwamba nitawanyooshea mambo. Nimestaafu nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza, na kulisema hilo hakunipi taabu.

Niwaeleze kwanza jeraha lenyewe, maana ndilo lililokula sehemu kubwa ya kazi yangu. Gari likigongwa kwa nyuma, kiti kinamsukuma abiria mgongoni na kiwiliwili kinakwenda mbele, lakini kichwa hakijapata habari. Kinabaki nyuma, kisha kinarushwa mbele kwa ghafla na kupita kiasi. Pingili za shingo, vile vifupa saba vilivyopangana kama vikombe, kwa kawaida hazivunjiki. Kinachoumia ni misuli, na kano, zile kamba zinazoshikanisha mfupa na mfupa. Sisi tuliliita shingo ya mrusho. Mgonjwa wake anashuka garini, anajipangusa vumbi, anawaambia watu yeye mzima. Kesho yake asubuhi jirani anamwita kwa nyuma, na anashindwa kugeuka kumwitikia.

Wagonjwa hatukuwakosa. Kuna zile gari ndogo za abiria tunazoziita michomoko, ambazo nyingi zimeng'olewa vile vya kuegemezea kichwa ili wanaokaa nyuma waone mbele. Kuna pikipiki, na kuna malori yanayoshuka milima na breki za kubahatisha. Mgonjwa akija tulimpeleka eksirei, na picha ilirudi safi. Hapo ndipo mkanganyiko wangu wa kwanza ulipoanzia. Mtu mzima analia machozi mbele yako, na picha inasema hana kitu. Uamini lipi?

Mganga Mfawidhi hakuwa na mashaka. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kutembea na kikombe chake cha chai kutoka wodi hadi wodi. "Shingo iliyoumia inataka usingizi," alikuwa akiniambia. Kwa hiyo tulifunga kola, tukalaza watu, na walioshindwa kabisa tuliwavuta. Kuvuta shingo maana yake mgonjwa anafungwa mkanda kidevuni na kisogoni, kamba inapita kwenye lile gurudumu, na upande wa pili tunaning'iniza kifuko cha mchanga, ili pingili ziachane kidogo na misuli ilegee. Kila aliyetoka chumbani mwangu aliondoka na amri moja: asibebe kitu kichwani.

Sasa mnajua wenyewe ninyi mliozaliwa huku. Ukimwambia mwanamke wa Kibondo asibebe kitu kichwani, umemwambia asiishi. Maji yako bondeni, kuni ziko kilimani, ndizi na maharage viko ng'ambo ya kijito. Waliniitikia, "Ego, dokta," kwa adabu zote, wakaenda.

Baada ya muda kola zikaanza kurudi zimebonyea. Zimebonyea upande wa juu, pale kidevu kinapokaa, kana kwamba mtu amezikalia. Nikajiuliza sana. Mwishowe mama mmoja wa Murungu alinieleza bila kuficha lolote, tena kwa furaha.

"Dokta, kitu hiki ni kizuri. Mkungu hautikisiki tena. Zamani ngata inateleza, shingo inacheza. Sasa imenyooka tu."

Ngata, kwa wasomaji wa mijini, ni kile kitambaa au majani makavu ya mgomba yanayoviringwa na kuwekwa utosini chini ya mzigo. Wanawake wa Murungu walikuwa wameipa kola yangu kazi ya ngata ya pili. Waliivaa ili wabebe. Na si wagonjwa tu. Wakaanza kuja wazima wa afya, wanashika shingo kwa mikono miwili, wanaguna, halafu wakishapewa kola wanatoka wakitembea kama askari wa gwaride. Godoro liliisha likaletwa jingine.

Nilipomweleza Mganga Mfawidhi, alikiweka kikombe dirishani. "Waambie kola si ngata," akasema. "Waambie wataua shingo zao."

Niliwaambia. Lakini lipo jambo ambalo sikumwambia yeye, kwa sababu sikujua niliwekeje. Wale wanawake waliobeba na kola yangu walikuwa wakipona. Wakati huohuo karani mmoja wa ofisi ya hapo mjini, aliyeitii amri yetu, akakaa kitini, akafungwa kola na kuletewa chai na mkewe, alizidi kukakamaa kama mti mkavu. Labda wanawake wale waliumia kidogo tangu mwanzo. Labda hawakuumia kabisa. Labda waliumwa wakanyamaza. Sijui, na kila nilipodhani nimejua alikuja mgonjwa mwingine akanivuruga.

Sasa nifike kwa Velonika, aliyekuja kwangu miaka mingi baadaye, mvi zimeshanianza, maana ndiye aliyenifanya niache kulala vizuri.

Velonika alikuwa mkulima wa Mabamba, upande ule unaotazamana na Burundi. Babu zake walivuka kutoka huko, na familia yao ni raia wa hapa siku nyingi. Alikuwa mjane, mwanamke mfupi, mabega mapana, na mcheshi hata akiwa na maumivu. Mchomoko aliopanda ulisimama kupisha mbuzi barabarani, na lori lililokuwa nyuma halikusimama. Watu wote walishuka salama. Yeye alikuja kwangu baada ya siku chache, anageuka mwili mzima kila akitaka kutazama pembeni.

"Mwakeye, dokta," akanisalimu akiwa ametazama ukuta, kwa kuwa mimi nilikuwa upande wake wa kushoto.

Nikampima. Nilimbana vidole kuona kama vina ganzi, nikamwambia anikamate mkono kwa nguvu, nikamwuliza kama anaona kizunguzungu. Hivyo ndivyo tulivyotafuta kama neva zimeguswa. Hazikuguswa. Picha ikarudi safi. Nikamfunga kola na kumpa ile amri.

Hapo ucheshi ukamwisha. Akaniambia habari ya shamba.

Marehemu mumewe alimwachia shamba la migomba juu ya kilima, ndilo lililomlisha yeye na mama mkwe wake, bibi kizee asiyeona vizuri. Shemeji yake, jina lake Yosia, alikuwa akilitamani. Katika ukoo ule walikuwa na utaratibu wao: msimu mkubwa wa mavuno ukifika, mwenye shamba hukata mkungu wa kwanza, huubeba mwenyewe kichwani kutoka kilimani, hupita mbele ya wazee wa ukoo waliokaa chini penye kijito, na kuutua jikoni. Mikungu inayofuata yeyote anaweza kuibeba. Lakini ule wa kwanza ukibebwa na mtu mwingine, huyo aliyeubeba ndiye wanayemhesabu kuwa mlimaji. Na Yosia alikwisha sema mbele ya watu kwamba shemeji yake ameharibika shingo, kwa hiyo mwaka huo atamsaidia kuubeba.

"Ananisaidia," akasema Velonika. "Umeona msaada huo?"

"Huwezi kuubeba mkononi? Au mgongoni?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgeni. "Dokta, mkungu wa kwanza mgongoni? Kama nimeuiba?"

Msimu ulikuwa bado mbali. Nikamwambia tutatibu, atapona kabla. Nilisema hivyo kwa sauti ya sare yangu.

Hazikupita siku nyingi nikahamishiwa Kasulu, kwenye hospitali ya kambi ya wakimbizi, ambayo iliwatibu pia wenyeji wa vijiji vya jirani. Bosi wangu huko alikuwa Mkongo mmoja mwenye cheo cha Mtaalamu wa Uti wa Mgongo. Alikuwa amesomea nje tiba iitwayo kiropraktiki, ya kusukuma pingili kwa mikono. Mwili mnene, mikono laini ya mpiga kinanda, na harufu nzuri ya manukato. Watu walimpangia foleni tangu alfajiri. Siku ya kwanza aliziona kola zangu nilizotoka nazo Kibondo, akaishika moja kwa vidole viwili.

"Hii ni nini, mama?"

"Kola, Mtaalamu."

"Boni. Hii ni ya kufungia mbwa. Shingo hapana kufunga. Shingo tunasukuma."

Nilijifunza mengi kwake, na msije mkasikia mtu akimdharau. Hakumgusa mgonjwa kabla ya kumpima kwa makini kuliko nilivyowahi kuona. Aliyesema vidole vinakufa ganzi, aliyeona kizunguzungu akigeuza kichwa, mzee mwenye mifupa mikavu, wote hao aliwakatalia kabisa, kwa kuwa shingo ina mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo na mikono ya pupa inaweza kumpooza mtu. Aliyefaa alilazwa chali, kichwa kikakaa katika viganja vya Mtaalamu, kikageuzwa taratibu mpaka pale kinapogoma, kisha likaja sukumo moja fupi. Ko. Mgonjwa anafumbua macho, anageuka huku na huku, anacheka.

Velonika alisikia habari hizo akiwa Mabamba, akafunga safari. Alikuwa na shangazi yake aliyeishi kijiji cha Rungwe Mpya, karibu na kambi, akafikia kwake, akaja kambini na kola yangu imo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Lala pale, mama," Mtaalamu akamwambia. "Hapana kukaza. Ukikaza, mi siwezi kufanya kitu."

Ko. Velonika akainuka, akageuka kushoto akanitazama, mara ya kwanza bila kugeuza mwili. Alinishika mikono yote miwili. Nilifurahi mno siku ile, nikajiona mjinga kwa magodoro yote niliyoyakata.

Baada ya wiki shingo ilikuwa imekakamaa tena. Akarudi. Ko. Akapata nafuu, akakakamaa, akarudi tena. Siku moja, wagonjwa walipokwisha, nikamwuliza Mtaalamu lile swali lililokuwa likinisumbua.

"Mtaalamu, unaposikia ko, ni mfupa unarudi mahali pake?"

Akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mama, mfupa haukutoka, utarudi wapi? Ile ni hewa tu, ndani ya kiungo. Kama ukivuta vidole vyako."

"Lakini unawaambia umeurudisha."

"Wanapenda kusikia vile."

"Basi Velonika tumemfanya nini?"

Akafikiri. Alikuwa mkweli ukimkuta peke yake. "Tumefanya asikie vizuri kidogo. Misuli inaacha kuogopa. Lakini ile maumivu inarudi sababu ya mizigo. Yule mama aache kubeba kichwani. Kabisa kabisa."

Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Mtu mmoja aliniambia funga, mwingine anasema kufunga ni kwa mbwa. Mmoja anasukuma mfupa ambao anajua haujatoka, na mgonjwa anapata nafuu kweli, nimeiona kwa macho yangu. Wanapatana kwenye jambo moja tu, asibebe, na ndilo hilo moja ambalo Velonika hawezi kulitii.

Kituo changu cha mwisho, nilikohamishiwa miezi michache baadaye, kilikuwa hospitalini Kasulu mjini. Mkuu wa Kitengo cha tiba ya viungo alikuwa binti kutoka Dar es Salaam, umri wa mtoto wangu wa pili, mwenye kompyuta mpakato na viatu vyeupe vya mazoezi. Mwanzoni nilimwona mwenye makeke. Alikusanya kola zote kabatini akazitia kwenye boksi.

"Mama Sesilia, hizi zimepitwa na wakati, usinielewe vibaya. Shingo ya mrusho inatakiwa kutembea. Tangu siku za mwanzo. Ukiifunga inalala, ikilala inasinyaa."

"Na kusukuma pingili?"

"Kwa wengine kunasaidia kidogo, kwa muda. Siyo tiba ya kuisimamia peke yake. Mazoezi, mama. Mazoezi ndiyo mpango mzima."

Alinifundisha upya, mimi mwenye mvi. Kidevu kinaingizwa ndani bila kuinamisha kichwa. Kichwa kinageuzwa mpaka mwanzo wa maumivu, si kupita hapo. Kiganja kinawekwa kwenye paji la uso na kichwa kinakisukuma bila chochote kusogea, ili misuli ya ndani ya shingo, ile midogo inayosahauliwa, ipate nguvu. Velonika, aliyekuwa bado Rungwe Mpya kwa shangazi yake, alinifuata huko akafanya yote hayo kwa bidii ya mwanafunzi wa mtihani. Na akaendelea vizuri, polepole, bila ko. Akawa anageuka kushoto. Akawa analala usiku.

Msimu ukakaribia. Siku moja akamwuliza Mkuu wa Kitengo mwenyewe, mimi nimesimama hapo, kama sasa anaweza kubeba mkungu kichwani mara moja tu. Akaeleza habari ya wazee na kijito. Yule binti alisikiliza yote bila kumkatiza, na nilimpenda kwa hilo. Kisha akafungua kompyuta yake, akasoma, akasoma tena.

"Miongozo inasema nini, Mkuu?" nikauliza.

"Inasema arudi kwenye kazi zake za kawaida mapema iwezekanavyo."

Velonika akatabasamu.

"Halafu inaeleza jinsi ya kupanga kiti na meza," akaendelea. "Na kuendesha gari. Na kunyanyua boksi kwa mikono." Akafunga ile kompyuta. "Mama Sesilia, walioandika hii hawajawahi kuona mtu ana mkungu kichwani. Hamna kitu humu. Kwa usalama wake, namwambia asibebe."

Sikumlaumu. Angesema nini? Mgonjwa akivunjika shingo, jina la yule binti ndilo litakaloulizwa.

Siku chache kabla ya kuanza kuvuna, Velonika alikuja kuaga. Anarudi Mabamba. Alinikuta kwenye korido, natoka kunawa mikono. Kola ile ya godoro alikuwa nayo bado, ameishika kwapani.

"Jumamosi tunakata mkungu wa kwanza," akasema.

"Nani anauchagua?"

"Yosia. Wazee wamempa yeye kuuchagua."

"Basi atauchagua mkubwa."

"Ego. Amekwisha uona, nimeambiwa." Akaihamishia kola kwapa la pili. "Mama Sesilia, nakuuliza wewe, siwaulizi wale. Wewe umenishika shingo tangu Kibondo. Nibebe, nisibebe? Na nikibeba, nivae kola au niivue?"

Wasomaji wangu, nilisimama pale nimejaa sauti za watu. Mganga Mfawidhi na kikombe chake: mfunge. Mtaalamu na manukato yake: aache kabisa kabisa. Binti wa watu na kompyuta yake: itembee, lakini asibebe. Nikawaona na wale wanawake wa Murungu, wanatembea wamenyooka, mikungu utosini, kola zangu shingoni, wanapona bila kuwa na haki ya kupona. Kama angeumia nikiwa nimemruhusu, angekuwa mlemavu kwa neno langu. Kama ningemkataza akatii, yeye na yule bibi kizee wangekula kwa hisani ya Yosia. Nilitafuta jibu moja la kuliamini katika miaka yangu yote ya kazi, nikakosa.

"Sijui," nikasema.

Neno hilo sikuwahi kumwambia mgonjwa nikiwa nimevaa sare. Lilitoka dogo kabisa.

Velonika aliibana kola kwapani. Kisha akanipa mkono, akaushika na wa pili kwa heshima, akaenda zake kwenye gari. Mimi niliogopa. Jumamosi ile nilifua nguo ambazo hazikuwa chafu, na kila gari lililopita barabarani nilidhani linaleta mgonjwa wa kubebwa.

Hakuja. Hakuja wiki iliyofuata wala mwezi uliofuata, na simu yake haikupatikana. Muda wangu wa kustaafu ukafika. Walinifanyia sherehe ndogo ukumbini, wakanipa kitenge na saa ya ukutani, na Mkuu wa Kitengo akasema kwamba nimekuwa nguzo ya tiba ya shingo katika wilaya mbili. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga makofi, maana sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Huwa mnaniomba ushauri. Ninao mchache. Pimeni kabla ya kugusa. Msimwambie mgonjwa kwamba picha safi maana yake haumwi. Mkisoma kitu kilichoandikwa mbali, ulizeni aliyekiandika alikuwa akitibu shingo za watu wanaobeba wapi mizigo yao. Zaidi ya hapo sina. Vijana wa siku hizi wanakuja kliniki na shingo za simu, wameinamia vioo mchana kutwa, picha zao nazo ni safi, na nasikia kuna mahali wameanza kuuza kola tena, za rangi rangi. Nikisikia hivyo nacheka.

Kiangazi kilichopita nilishindwa kuvumilia, nikapanda gari mpaka Mabamba kumtafuta Velonika. Nilielekezwa njia ya mguu, nikavuka kijito juu ya gogo, nikapanda kilima nikihema. Nilimkuta anapalilia migomba. Aliposikia hatua zangu aligeuka, na nikaona mara moja. Kichwa chake kilikuwa kimeelemea kushoto kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Akanikumbatia, akaniita mama. Tukakaa chini ya migomba. Shamba lilikuwa lake. Mama mkwe alikuwa nyumbani, ameshiba, analala. Yosia siku hizi hupita mbali.

"Ulibeba," nikasema.

"Nilibeba."

"Na kola?"

"Niliivua pale gogoni, nikiwa bado napanda. Wazee wangesema ndiyo iliyobeba."

"Ikawaje shingo?"

"Njiani kimya. Nilipoutua mkungu jikoni ndipo iliposema. Nililala kitandani nikilishwa na bibi asiyeona. Siku za baridi inaniuma mpaka leo. Upande huu hauendi tena." Akajishika.

Nilikuwa na uchungu. Nikamwuliza lile lililonitoa Kasulu.

"Velonika, sisi wote tulikukataza. Nani alikuambia ubebe?"

"Wewe."

"Mimi nilisema sijui."

"Ego. Wale wote walinikataza. Wewe hukunikataza." Akalisema hivyo bila kutabasamu na bila kununa, kisha akainuka, akachukua panga, akaenda kunikatia ndizi za safari.

Ulikuwa mkungu mzuri, umejaa. Nikamwambia mikono yangu haitauweza mpaka barabarani, nami nimekwisha zeeka. Akachukua kanga yake, akaiviringa ngata, akaniwekea utosini, akapanda juu ya kichuguu na kunitwisha. Mimi, niliyewakataza watu mizigo ya kichwani tangu ujana wangu, nilikuwa sijabeba tangu nilipokwenda chuo. Shingo yangu ilishtuka, ikatafuta, ikasimama. Nikaanza kushuka.

Nyuma yangu nilisikia jembe limeanza tena. Nilitaka nigeuke nimwulize kama ananishukuru au ananilaumu, lakini mkungu ulikuwa kichwani na njia ilikuwa inateremka.